Mtetemo wa Usukani na Hukumu za Pupa

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, inapokwisha kupita Mlandizi na nyumba za kandokando zikaanza kupungua, ndipo mahali ambapo magari mengi makuukuu hufichua ila ambazo mjini, katika msongamano na matuta, zilikuwa zimestirika. Gari lililokuwa tulivu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likifika 85 au 90, huanza kutia mtetemo mwembamba katika usukani. Likifika 100 mikono yote miwili ya dereva huingia ganzi. Na pengine mwendo ukiongezwa kidogo tena mtetemo ule hupungua kana kwamba haukuwapo. Dereva aliye katika safari ya mbali aghalabu huchagua lililo jepesi kwake, nalo ni kujua mwendo ambao gari halitetemeki na kudumu katika huo, na miezi hupita akiwa ameridhika na suluhu ya namna hiyo, mpaka siku ambapo tairi hupasuka, au fundi humwambia kwamba kila kitu cha mbele kimekufa na hapana budi kibadilishwe.

Kuunyamazia mtetemo na kuuhukumu kwa pupa yote mawili ni madhara kwa nafsi ya mtu na kwa mali yake, walakini la pili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa la kwanza ni ajizi ya mtu mmoja, ilhali la pili limekwisha kuwa desturi. Mwenye gari hufika gerejini akasema, “Fundi, stelingi inacheza,” na kabla hajaulizwa inacheza wakati gani na kwa mwendo gani, gari limekwisha kupandishwa jeki na vipuri vimekwisha kuandikwa: bolijointi mbili, tairodi endi mbili, bushi za mkono wa chini, shokapu za mbele, na baadhi ya nyakati raki nzima ya usukani. Huyo mwenye gari, kama yuko Dar es Salaam, huenda katika maduka ya Gerezani, au kama yuko Nairobi huenda katika yale ya Kirinyaga Road, akanunua alichoandikiwa. Vipuri hufungwa, gari hurudi barabarani, na likifika kilomita 90 mtetemo uko palepale ulipokuwa. Fedha iliyokuwa ya karo ya mtoto au ya bati za nyumba imepotea pasipo faida, na kilichotakiwa tangu awali kilikuwa labda kipande cha risasi cha kulitia gurudumu mizani, kisichofika uzito wa gramu 40.

Msomaji asiyepata kufikiri jambo hili atastaajabu kwamba gramu chache ziweze kulitikisa gari la kilo zaidi ya 1,000. Hesabu yake, hata hivyo, ni rahisi. Tairi la kipimo cha 195/65 R15, ambalo limo katika magari mengi madogo yatokayo Japani, lina mzingo wa mita 2 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 14 hivi katika kila nukta moja. Uzito wa gramu 30 uliozidi upande mmoja wa ukingo wa rimu, ukizungushwa kwa kasi hiyo, huvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 4 na nusu, tena huvuta juu, mbele, chini na nyuma, mara 14 kwa nukta, pasipo kupumzika. Kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, gari lilelile likienda kilomita 50 huhisi robo yake tu, yaani kilo 1 na kidogo, na ndiyo sababu mjini ila hii haijulikani. Fauka ya hayo, magurudumu pamoja na springi na mipira inayoyashikilia yana kasi yake ya asili ya kutikisika, na mizunguko ya gurudumu ikilingana na kasi hiyo mtetemo huvimba, ikiipita mtetemo hunywea. Mtetemo unaokuja katika mwendo fulani na kuondoka katika mwendo mwingine ni dalili kubwa kwamba chanzo chake ni kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu, na mtu aliyelifahamu hili amekwisha kujiokoa na nusu ya gharama za kubahatisha.

Kadhi hakati shauri kabla hajasikiza mashahidi, na katika shauri la usukani shahidi wa kwanza ni dereva mwenyewe, kwa sababu fundi hulichukua gari akalizungusha mtaani kwa kilomita 40, mwendo ambao mtetemo haujazaliwa. Na aseme, kwanza, mtetemo anauhisi mikononi au makalioni. Ukiwa mikononi, asili yake aghalabu ni magurudumu ya mbele. Ukiwa katika kiti na sakafu na usukani umetulia, asili yake aghalabu ni ya nyuma. Kisha aseme hali yake mguu unapokuwa juu ya breki. Usukani uliotulia safari nzima, ukaanza kupiga mikono pale tu dereva anapopunguza mwendo kwa breki, unashitaki diski za breki, wala kuyapima matairi ya gari hilo hakutafaa kitu. Hali kadhalika aangalie mafuta: mtetemo unaokuja wakati wa kukanyaga mafuta kupanda mlima na kutoweka mara mguu unapoondolewa, katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kama Corolla, hutia shaka katika draivu shafti, na hasa kiungo chake cha ndani kilicho karibu na giaboksi; ilhali katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama Mark II au Peugeot 504, shaka huiangukia propela shafti na krosi zake, na hapo sakafu hutetemeka kuliko usukani. Ikiwa mtetemo hubadilika kwa kubadilisha gia ilhali mwendo wa gari ni uleule, basi chanzo kimo katika injini au katika maunting zake, na magurudumu hayana hatia.

Maswali haya hayahitaji chombo wala fedha. Yanahitaji barabara iliyonyooka, hadhari, na dereva aliye tayari kukumbuka alichokiona. Laiti kila gereji ingeyauliza kabla ya kugusa spana, naamini maduka ya vipuri yangepungukiwa na wateja wengi.

Tukishayakinisha kwamba dalili zinaelekea magurudumu ya mbele, yanayostahili kutazamwa kwanza ni matairi, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye chanzo mara nyingi na ndipo penye hatari kubwa. Gari lililopita njia ya udongo wakati wa masika hubeba tope ndani ya rimu, likakauka likawa kama udongo wa kufinyangia, na tope hilo la upande mmoja hutosha kabisa kuharibu mizani. Kuliosha ni kazi ya dakika chache, na wako watu waliobadilisha vipuri kwa sababu hawakulitazama. Vipande vya risasi vinavyobanwa katika ukingo wa rimu huchomoka katika mashimo, na alama ya mahali kilipokuwa kipande huonekana kwa macho, kwani rangi ya pale ni safi kuliko ya pembeni. (Vipande hivyo vinapookotwa gerejini visiachwe mikononi mwa watoto: risasi ni sumu, na Ulaya iliipiga marufuku katika mizani ya magurudumu ya magari madogo tangu 2005.) Rimu yenyewe hupinda kwa shimo moja la barabarani au kwa tuta lisilochorwa, tena aghalabu hupinda upande wa ndani, ambako anayelizunguka gari kwa miguu haoni. Gari lililoegeshwa miezi mingi mahali pamoja huwa na matairi yaliyobonyea sehemu iliyolalia ardhi. Hayo hutetema mwanzo wa safari na pengine yakanyooka yakipata moto, na yasiponyooka yameharibika.

La kuogopwa kuliko yote ni tairi linaloachana ndani kwa ndani. Chini ya mpira wa nje wa tairi la leo mna mikanda ya nyuzi za chuma, na tairi likizeeka, likapigwa jua, likaendeshwa na upepo mchache au likapakiwa kupita kiasi, mikanda hiyo huanza kubanduka kutoka katika mpira. Dalili yake ni uvimbe katika uso wa tairi au ubavuni, na kuyumba kunakohisiwa hata kwa mwendo mdogo, kunakozidi wiki hata wiki. Mtetemo wa namna hii hautibiki kwa risasi. Fundi akilitia mizani tairi hilo na usukani ukatulia kwa siku chache, amemwondolea dereva onyo alilokuwa nalo, na tairi litakapopasuka kwa kilomita 110 hapatakuwa na nafasi ya kujadiliana.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake, baada ya herufi DOT, kwa tarakimu 4 ndani ya duara la yai: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji kadhaa wanashauri kwamba tairi likitimiza miaka 10 litolewe hata kama meno yake bado ni marefu. Nalitaja hili kwa mkazo, kwa sababu macho yetu yamezoea kutafuta kipara, na tairi lenye meno mazuri hupita mbele ya mnunuzi na mbele ya mkaguzi pasipo swali, ilhali mpira wake umekwisha kupasukapasuka kama ngozi kavu. Kenya imeweka sheria kwamba gari lililotumika lisiingizwe nchini likiwa na umri uliozidi miaka 8. Na mtu akifikiri vema ataona kwamba gari likishaingia, huendelea kukaa barabarani miaka 15 au 20 zaidi, na hakuna wa kuuliza umri wa kile kinachobeba uzito wake wote.

Pana jaribio moja ambalo nalipenda kuliko mashine zote, nalo ni kuhamisha magurudumu: ya mbele yakafungwa nyuma na ya nyuma yakaletwa mbele, ikiwa vipimo vyake ni sawa, kisha gari likarudishwa barabarani kwa mwendo uleule. Mtetemo ukiondoka mikononi ukahamia kitini, hatia imethibiti juu ya tairi au rimu, na hakuna haja ya kugusa kiungo chochote cha usukani. Ukibaki mikononi kama ulivyokuwa, magurudumu yametakasika, na uchunguzi uendelee mahali pengine. Jaribio hili linahitaji jeki, spana ya nati na nusu saa ya kazi. Ni muhali kwangu kufahamu kwa nini halifanywi katika kila gereji kabla ya jambo jingine lolote.

Lipo kosa lililoenea hata likawa kama elimu: mtu akilalamikia mtetemo huambiwa akafanye alaimenti. Alaimenti ni kuyanyoosha magurudumu yatazame mbele kwa pembe zilizowekwa na kiwanda, na gari lisilo na alaimenti huvuta upande mmoja, au hula matairi ndani au nje, au usukani wake hukaa kombo katika njia iliyonyooka. Halitetemeki kwa sababu hiyo peke yake. Kweli ni kwamba alaimenti mbaya ikiachwa miezi mingi hulila tairi kwa mawimbi, na mawimbi hayo yakaleta mtetemo. Lakini siku hiyo kunyoosha pembe hakulirudishii tairi umbo lake. Kubalansi, yaani kuyatia magurudumu mizani, ni kazi moja na alaimenti ni kazi nyingine, na anayelipia ya pili akitumai matunda ya kwanza amedhulumiwa, hata kama aliyemdhulumu hakukusudia.

Naijua hoja ya mafundi, tena nataka kuitendea insafu. Husema kwamba katika gari kuukuu bolijointi na tairodi kweli huwa zimelegea, na mara nyingi wasemayo ni kweli. Tofauti iliyopo ni baina ya kitu kinachouzaa mtetemo na kitu kinachoupitisha. Gurudumu lisilo na mizani ndilo linalouzaa. Bushi iliyopasuka, tairodi iliyolegea na shokapu iliyovuja mafuta huupitisha hadi mikononi na kuukuza. Gari jipya lenye mipira iliyo mizima hulimeza kosa la gramu 15 dereva asijue, na gari la miaka 20, ambalo mipira yake imekauka, hulitangaza kosa hilohilo kwa sauti kubwa. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu huenda akawa na kazi mbili za kufanya, wala simzuii kuzifanya. Ninalomwomba fundi ni kwamba aanze na chanzo, kwa sababu ni rahisi, kisha aonyeshe kwa mkono wake kila kilicholegea kabla hakijaandikwa kununuliwa.

Na kuonyesha huko si kugumu. Gari likiinuliwa likakalishwa juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiki, gurudumu hushikwa juu na chini likasukwasukwa. Likicheza, shaka huangukia beringi ya gurudumu au bolijointi, na msaidizi akikanyaga breki na mchezo ule ukakoma, beringi ndiyo yenye hatia. Kisha hushikwa kushoto na kulia. Likicheza hapo na juu na chini likawa thabiti, ni tairodi endi au raki. Kisha huzungushwa kwa mkono taratibu mbele ya kitu kilichotulia, hata ncha ya bisibisi, na rimu iliyopinda hujionyesha kwa kusogea na kurudi. Mwenye gari na asimame pale aone kwa macho yake. Fundi mwenye maarifa hapungukiwi na heshima kwa kutazamwa.

Juu ya diski za breki nitasema machache. Katika magari mengi madogo diski inayoyumba kupita sehemu 5 za mia za milimita 1 imekwisha kuvuka mpaka wake, na kipimo hicho hakionekani kwa jicho, wala hakiletwi na umri pekee. Nati zikazwazo kwa bunduki ya upepo, moja ikakazwa kupita kiasi na jirani yake ikaachwa nusu, huipinda diski na kitovu chake. Nati za Corolla nyingi zinataka nguvu ya nyutoni-mita 103, zikikazwa kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala wake, na spana ya kupimia nguvu hiyo haifiki bei ya diski mbili. Rimu za urembo nazo zina fitina yake: tundu lake la katikati likiwa pana kuliko kitovu cha gari, gurudumu hukaa upande kidogo, na hata likibalansiwa vizuri mashinani litatetemeka barabarani mpaka litiwe pete ya kujaza nafasi hiyo.

Magari ya kazi yenye ekseli nzima mbele, kama Land Rover za zamani na Land Cruiser za aina ya 70 zilizoanza kutolewa mwaka 1984, yana mtetemo wa tabia nyingine. Gurudumu moja likigonga jiwe, ekseli yote huinama, na gurudumu linalozunguka likiinamishwa hutaka kugeuka upande, likalivuta na lile la pili, yakapokezana hivyo hata usukani ukakaribia kumponyoka dereva. Kinga yake ni beringi za kingpini zilizokazwa sawasawa na bushi zilizo nzima za fito zinazoishika ekseli. Na wale wanaobadilisha shokapu ya usukani tu, gari likatulia kwa miezi miwili mitatu, wameficha ila iliyo pale pale ikizidi kula chuma.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Kila mara magari yanapokaguliwa, taa hutazamwa, breki hutazamwa, honi hupigwa. Na isomwe pia tarehe ya kila tairi, pamoja na lile la akiba, na iandikwe katika karatasi ya ukaguzi. Ni kazi ya dakika 2 na haihitaji chombo chochote. Kwa wenye gereji naomba watoze ada ya kuchunguza, iwe dhahiri na ya haki, ili fundi asilazimike kupata riziki yake kwa vipuri anavyoviandika; na sisi wenye magari tuilipe pasipo manung’uniko, kwa kuwa tumezoea kulipia chuma tukakataa kulipia akili, kisha tukawalaumu mafundi kwa kutuuzia chuma.

Na wewe ambaye safari yako ya Moshi, ya Voi au ya Mbeya iko karibu na usukani wako watetemeka, chukua karatasi uandike mwendo ambao mtetemo huanza na ule ambao hukoma, uandike kama wauhisi mikononi au kitini, na kama breki au mafuta huubadilisha; soma tarakimu 4 za kila tairi uziandike chini yake; kisha mpelekee fundi karatasi hiyo pamoja na gari, na usinunue kipuri chochote mpaka amekwisha kuisoma.